Ua la pambo, jani la kidonda

Chupa ya Jatyadi, mafuta ya kupaka vidonda, huuzwa ikiwa na picha ya asumini nyeupe ubavuni, na anayeinunua kwa mara ya kwanza hufungua kifuniko akitarajia harufu ya kikuba. Kinachomjia puani ni ufuta uliochemka na majani yaliyopikwa mpaka yakakauka, na mafuta yenyewe yana ukijani uliofifia. Si ajabu akidhani ameuziwa bandia. Hakudanganywa. Katika dawa inayojulikana kuliko zote zenye jina la asumini, waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hawakutia ua hata moja. Walitia majani.

Nimeanza hapo kwa sababu asumini imekuwa dawa ya kila kitu siku hizi. Ujumbe unaozunguka kwenye simu unasema inashusha presha, inaondoa msongo wa mawazo, inaleta usingizi kushinda vidonge, na kila mara mtumaji hujilinda kwa maneno yale yale: Wahindi wanaitumia tangu maelfu ya miaka. Ni kweli wanaitumia. Swali ambalo mtumaji halijibu ni wanatumia asumini ipi, sehemu gani ya mmea, kwa ugonjwa gani, na imepikwaje. Ukiuliza hayo manne, picha inabadilika sana.

Mimea kwanza, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Jenasi ya Jasminum ina aina zipatazo 200, nayo imo katika ukoo mmoja na mzeituni. Ayurveda hutumia kadhaa, lakini kubwa ni mbili. Moja ni jati, ambayo kwa Kihindi huitwa chameli: ni Jasminum grandiflorum, mmea wa matawi marefu yanayotanda, jani lake limegawanyika vijani vidogo vidogo, na ua lake lina petali tano nyembamba, jeupe mbele na wekundu kidogo kwa nyuma. Nyingine ni mallika, Jasminum sambac, kichaka chenye jani zima linalong'aa na ua lililojaa. Hii ya pili ndiyo asumini yetu ya Lamu, Mombasa na Unguja, ile ya kutunga kwenye uzi na kuvaa kichwani. Ndiyo pia malli ya Madurai, katika jimbo la Tamil Nadu, ambayo mwaka 2013 ilipewa ulinzi wa kisheria ili mkulima wa kwingine asiuze maua yake kwa jina hilo. Na ndiyo inayotia harufu chai ya Wachina.

Vichaka vya Afrika Mashariki vina asumini ya mwituni pia, Jasminum fluminense. Hii ni mzaliwa wa Afrika, ila jina lake la kitaalamu linaihusisha na Rio de Janeiro, kwa kuwa mtaalamu aliyeiandika kwanza aliikuta Brazil, ambako inaaminika ilifikishwa na Wareno. Nimeitaja kwa sababu watu huichuma wakidhani asumini ni asumini. Dawa ya vidonda ninayoizungumzia ni ya jati. Mwenye kichaka cha asumini ya kikuba uani kwake ana mmea mwingine, wenye kazi nyingine.

Sasa tuvifungue vitabu. Charaka Samhita, kimojawapo cha vitabu mama vya Ayurveda, kinazungumzia kuvaa mashada ya maua na kujipaka manukato katika sura ya mwenendo wa kila siku. Jirani zake katika sura hiyo ni kuoga, kuvaa nguo safi, kuvaa viatu, kubeba mwavuli. Kitabu kinasema mashada hayo humpendeza mtu, humwongezea nguvu na umri, huvutia na kufukuza nuksi. Sioni katika hayo jambo ambalo bibi wa Mombasa angelipinga. Lakini angalieni mahali yalipowekwa. Maua ya kunukia yamo pamoja na usafi na mavazi. Mtu mzima mwenye afya anapewa ua ili aendelee kuwa vizuri. Akishaugua, mganga anageukia kitu kingine.

Kitu hicho, kwa jati, ni jani. Hata mwongozo rasmi wa dawa za Ayurveda nchini India, unaposajili jati kama dawa, unaelezea jani. Sababu yake iko kwenye ulimi. Ayurveda huanza kuijua dawa kwa ladha yake, na jani la jati lina ladha mbili: uchungu na ukakasi, ule ukakasi wa ndizi mbichi unaokaza mdomo. Katika elimu hiyo uchungu husafisha, hukausha uchafu na kutuliza joto la damu. Ukakasi hubana, huzuia kutoka maji na damu, huifunga nyama iliyoachana. Mtu akitafuta dawa ya kidonda, hizo ndizo ladha anazozifuata, na atazipata kwa mwarobaini, kwa manjano, kwa magome ya miti kadhaa. Harufu haimo katika hesabu hiyo. Kemia ya leo nayo imekuta ndani ya jani la jati oleuropeini, uchungu ule ule ulioko katika zeituni mbichi, jambo linaloeleweka kwa mimea ya ukoo mmoja.

Matumizi mepesi kabisa ya jani hilo ni kwa vidonda vya mdomoni. Mgonjwa hutafuna majani mabichi machache, akayashikilia mdomoni, kisha akatema. Kama vidonda ni vingi, majani huchemshwa pamoja na vitu vingine vyenye ukakasi, maji yakipoa hutiwa asali, akasukutua. Dawa hii ni ya bei ya bure na ina mantiki: ukakasi hukaza ngozi laini ya mdomo, na kwa muda maumivu hupungua. Siwezi kudai zaidi ya hapo.

Jatyadi yenyewe inahitaji tukae nayo kidogo, maana ndani yake mna mambo ambayo picha ya ua haiyaonyeshi. Ipo ya samli na ipo ya mafuta ya ufuta. Ya samli inatokana na Ashtanga Hridaya, kitabu cha Vagbhata cha yapata karne ya 7; ya mafuta imo katika kitabu cha Sharngadhara, kilichokuja karne kadhaa baadaye. Viungo vyake ni zaidi ya 15. Mna majani ya jati, majani ya mwarobaini, manjano, mzizi wa urukususu, magome na mizizi ya India ambayo huku haina jina, nta ya nyuki, na kitu kimoja ambacho wazee wetu wa pwani wangekitambua kwa jicho mara moja: mrututu. Yale mawe ya buluu, ambayo mkemia huyaita salfeti ya shaba, na ambayo huku kwetu pia yalikuwa yakisagwa na kuwekwa juu ya madonda sugu ili kuunguza nyama mbaya. Ukijani wa mafuta ya Jatyadi una mkono wa huo mrututu.

Upishi wake una kanuni. Viungo vikavu na majani husagwa vikawa ugandu mzito. Kwa kila sehemu moja ya ugandu hutiwa sehemu 4 za mafuta ya ufuta na sehemu 16 za maji, kisha chungu huachwa juu ya moto mdogo mpaka maji yote yaondoke. Ukizidisha moto mafuta yanaungua na dawa imekufa. Ukiitoa mapema inabaki na maji, nayo itaota ukungu chupani. Sasa mpishi atajuaje kwamba maji yamekwisha, na chungu kimejaa mafuta meusi yanayochemka? Huchota ugandu kidogo, akausokota kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikubali kuwa utambi bila kushika vidoleni, anautupia motoni. Ukilia, bado una maji. Ukiwaka kimya, umeiva. Tena huangalia povu: katika mafuta, povu huibuka dawa inapoiva, katika samli, povu hutulia. Baada ya kuchuja ndipo nta huyeyushwa ndani ili mafuta yapate uzito wa kukaa juu ya kidonda.

Nimeyaeleza hayo kirefu kwa makusudi. Mtu anayechuma majani ya asumini, akayakaanga kwa mafuta ya kula dakika tano na kuyamimina kwenye jeraha, hakutengeneza Jatyadi wala kitu kinachofanana nayo. Nguvu ya dawa hii, kwa kiasi ilichonayo, inatokana na mkusanyiko: shaba inayoua vijidudu, manjano na mwarobaini vinavyosaidia kazi hiyo, nta na mafuta vinavyozuia kidonda kukauka na kupasuka. Jati limetoa jina kwa sababu ndilo linalotajwa kwanza katika orodha. Kama ni jani lake linalofanya sehemu kubwa ya kazi au ni shaba, majaribio ya dawa nzima hayawezi kutuambia. Watafiti wa India walichapisha mwaka 2011 jaribio kwa panya waliokatwa kipande cha ngozi mgongoni, na vidonda vilivyopakwa Jatyadi vilifunga haraka zaidi. Hilo ni la kutia moyo. Lakini panya mzima, mchanga, aliyekatwa kwa wembe safi maabara, si mama wa miaka sitini mwenye kisukari na kidonda cha wayo asichokihisi. Kwa huyo mama mafuta yoyote, yawe ya India au ya kwetu, huficha usaha na kumchelewesha kufika hospitali. Mguu wa mgonjwa wa kisukari haupakwi kitu mpaka uangaliwe.

Wazee wa Ayurveda wenyewe walilijua tatizo hilo kuliko baadhi ya wauzaji wao wa leo. Sushruta Samhita, kitabu cha upasuaji, kinahesabu njia 60 za kushughulikia kidonda, na kinatenganisha vizuri kusafisha na kuponyesha. Kidonda chenye uchafu husafishwa kwanza. Kukimbilia kukifunga juu kikiwa na usaha chini ni kosa hata kwa kanuni zao.

Mpaka hapa nimelipa jani sifa zote na ua nimelivua dawa. Kuna jambo moja linaloniharibia hoja, nalo siwezi kulipita. Kusini mwa India wanawake wana desturi ya kufunga mashada ya mallika, yaani asumini kama yetu, juu ya matiti ili kukausha maziwa, hasa mama anapofiwa na mtoto mchanga. Mwaka 1988 madaktari wa Vellore, Tamil Nadu, walichapisha matokeo ya kulinganisha maua hayo na bromokriptini, kidonge kilichokuwa kikitumika kwa kazi hiyo. Walipima prolaktini katika damu, homoni inayoamrisha matiti kutoa maziwa. Ilishuka kwa makundi yote mawili, ila kwa kidonge ilishuka zaidi. Walipoangalia kujaa kwa matiti, kiasi cha maziwa na dawa za maumivu zilizohitajika, maua na kidonge vilikwenda sawa. Tena baadhi ya waliomeza kidonge maziwa yaliwarudia baada ya kuacha.

Utafiti huo ni mdogo na una tundu: hapakuwa na kundi la tatu lililoachwa bila kitu. Matiti yasiyonyonywa hukauka yenyewe kwa siku chache, na kufungwa tu kwa kitambaa kunaweza kuchangia. Pamoja na hayo, sijauona ushahidi bora zaidi wa ua la asumini kufanya kazi ndani ya mwili wa binadamu, na una uzito wake, kwa sababu bromokriptini iliondolewa katika kazi hiyo huko Marekani katikati ya miaka ya 1990 baada ya hofu juu ya presha, kiharusi na moyo. Kwa nini ua lishushe prolaktini? Pengine ni harufu kupitia pua na ubongo, pengine ni kitu kinachopenya ngozi, pengine ni yote mawili. Hakuna aliyelimaliza swali hilo.

Mama anayenyonyesha asishtuke. Wanawake wa Vellore walifungwa maua juu ya matiti, yakibadilishwa, kwa siku kadhaa mfululizo. Kikuba cha jioni moja kichwani, au asumini zilizomwagwa kitandani baada ya arobaini, ni mambo mengine kabisa. Ila kama maziwa yanasuasua na mtoto haongezeki uzito, ningemshauri mama aweke maua mbali na kifua mpaka mambo yakae sawa. Hakuna hasara katika hilo.

Tuje kwenye usingizi na utulivu, biashara inayouza chupa nyingi kuliko zote. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba harufu hafifu ya chai ya asumini iliwapunguzia watu mapigo ya moyo na kuwatuliza. Mwaka 2010 mtafiti wa Thailand aliwapaka watu mafuta ya asumini tumboni na kuwakanda, akakuta kinyume chake: pumzi ziliongezeka, presha ikapanda kidogo, wakajisikia wachangamfu. Mtu akisema asumini hutuliza ana karatasi ya kuonyesha, na mwenzake anayesema huamsha anayo yake. Kipimo, aina ya mmea na njia ya kutumia vilitofautiana, na hata aliyenusa alikuwa na kumbukumbu zake. Harufu ya asumini kwa mtu wa Lamu ni harusi. Kwa mama wa Vellore niliyemtaja punde inaweza kuwa msiba.

Kisha kuna ile habari ya vidonge vya usingizi. Mwaka huo huo wa 2010 maabara ya Bochum, Ujerumani, ilitangaza kwamba kemikali fulani ya manukato huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya kutuliza iliyomo katika ubongo, njia ile ile inayopitiwa na dawa kama Valium. Magazeti ya dunia yakaandika kwamba asumini ni sawa na Valium. Kemikali iliyopimwa ilikuwa imetengenezwa kiwandani. Ua lililohusishwa nayo kwenye tangazo lilikuwa Gardenia jasminoides, mmea wa ukoo wa kahawa, ambao kwa asumini umeambulia jina tu. Na waliolala walikuwa panya, kwenye kisanduku kilichojaa mvuke mzito. Habari imeshatimiza miaka zaidi ya kumi na bado naletewa kwenye simu kama mpya.

Kuna mtego mwingine mzuri zaidi, hata mimi ulinipendeza. Mwaka 1962 wanakemia walitenga kutoka mafuta ya asumini kitu kinachoitwa jasmonati ya methili. Baadaye ikabainika kwamba mimea mingi huzalisha jasmonati inapojeruhiwa, kama mdudu anapoitafuna, na kwa hizo huamrisha ulinzi wake. Watafiti Farmer na Ryan walionyesha mwaka 1990 kwamba mvuke wake hata ukitoka kwa mmea mmoja huuamsha mnyanya ulio jirani, nao ukaanza kutengeneza kemikali za kumsumbua mdudu. Basi harufu ya asumini ina ndani yake ujumbe wa jeraha, na asumini ni dawa ya majeraha! Hadithi imekamilika mno. Jasmonati ni lugha ya mimea, na ngozi ya binadamu haina habari nayo kwa kiasi hicho kinachopatikana kwenye ua. Tena dawa ya vidonda, kama tulivyoona, imeliacha ua nje.

Upande wa soko, bei yenyewe inasema mengi. Ili kupata kilo moja ya mafuta halisi ya asumini kwa kiyeyusho huhitajika mamia ya kilo za maua, na kila ua limechumwa kwa mkono. Kichupa kinachouzwa kwa bei ya soda hakiwezi kuwa hicho. Chameli ya kienyeji ya India ya kaskazini ilikuwa na njia ya nafuu na ya werevu: mbegu za ufuta zilitandazwa tabaka kwa tabaka na maua mabichi, maua yakanyauka yakabadilishwa mara nyingi mpaka mbegu zikashiba harufu, ndipo zikakamuliwa. Mafuta hayo ni ya nywele na ya kukanda, na ni mazuri. Anayeyauza kama dawa ya presha amejitungia.

Kwa dawa za kumeza zenye jina la Ayurveda nina ukali zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima bidhaa 70 zilizouzwa madukani humo na kukuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Miaka minne baadaye walipima 193 zilizouzwa kwa intaneti, na karibu moja kwa kila tano ilikuwa hivyo hivyo. Jatyadi nayo, kwa sababu ya mrututu, ni ya kupaka nje tu. Isiyo na orodha ya viungo na namba ya toleo kwenye chupa iachwe dukani. Na katika bustani za mijini kuna kichaka kinachonukia usiku mtaa mzima, Cestrum nocturnum, ambacho watu hukiita asumini ya usiku. Hicho ni cha ukoo wa mtunguja na kina sumu. Jani lake lisitafunwe.

Na kwa kuwa nimesema majani ya jati hutafunwa kwa vidonda vya mdomoni, niongeze hili kwa wasomaji wa pwani, ambako tambuu na tumbaku bado vina wenyewe. Kidonda cha kawaida cha mdomo hupona ndani ya wiki mbili, kwa jani au bila jani. Kikifika wiki ya tatu bado kipo, au kina ukingo mgumu, au kimezungukwa na weupe usiofutika, acheni kutafuna kitu chochote na mkakionyeshe kwa daktari wa meno. Huko mwanzoni saratani ya mdomo mara nyingi haiumi.